Daktari Aliyetaka Ng'ombe Akapewa Panya

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika jengo la panya, daktari wetu wa wanyama anastaafu. Mhariri wa jarida hili ameniomba mimi, fundi wa kukata ubongo na kuupanga kwenye vioo, nimwandikie wasifu usiozidi ukurasa mmoja. Nimemjibu atafute karatasi nyingine.

Wengi wenu mnamjua kwa sauti tu, maana saa za kazi uso wake uko nyuma ya barakoa na nywele zake zimemezwa na kofia ya kitambaa. Ndiye yule mnayemsikia akisema, "Taratibu, taratibu," nyuma ya mlango wa pili, na mpita njia hawezi kujua kama anamwambia panya au anamwambia mtafiti. Kwa kawaida anamwambia mtafiti.

Alikuja hapa kwa kukosea. Tangazo la kazi lilisema anatafutwa daktari wa wanyama wadogo. Yeye, kijana aliyetoka chuoni juzi na kuoa jana, akawaza mbuzi, kondoo, na kama bahati ni mbaya sana, paka wa watu wenye uwezo. Siku ya kuripoti alifika na buti ndefu za mpira na kamba ya kufungia ndama. Mkurugenzi wa kwanza wa taasisi, profesa mzee ambaye sasa ni marehemu, akampitisha kwenye korido ndefu, akamvua buti, akampa kandambili, akamfungulia mlango. Ndani kulikuwa na rafu kutoka sakafuni hadi darini. Juu ya rafu kulikuwa na vizimba vya plastiki angavu kama makopo makubwa ya jikoni, na ndani ya kila kizimba familia ya panya weusi wakichimba maranda.

"Profesa," akasema kijana, "mimi nimesomea wanyama wenye kwato."

"Hawa wana kucha," akajibu mzee. "Utazoea."

Alipanga kukaa mpaka kazi ya ng'ombe itakapopatikana. Waliomtangulia hapa wanasimulia kwamba ilipatikana kweli, mwaka wa nne, kwenye shamba kubwa lenye nyumba ya kuishi na gari. Akaomba ruhusa, akaenda kuliona. Kesho yake asubuhi wakamkuta mlangoni anavaa kandambili. Walipomuuliza vipi, akasema kuna jike aliyekuwa karibu kuzaa, na hakutaka azae mbele ya mtu mgeni. Habari za shamba zikaishia hapo.

Nyumbani hazikuishia hapo. Mama mkwe wake aliwaambia majirani kwamba mkwe wake ni daktari, akaweka nukta. Mambo yalifumuka kwenye harusi moja, wakati mjomba wa mke wake alipotaka kujua ni daktari wa nini hasa.

"Wa panya, mjomba."

"Vizuri. Na unawaua kwa dawa gani?"

"Siwaui, mjomba. Nawatibu."

Mjomba akaweka glasi chini, akawageukia wanandugu. "Na huyu ndiye tuliyempa binti yetu?"

Kisa hiki husimuliwa na mke wake mwenyewe, tena kwa kuigiza sauti zote mbili. Ndiye pia anayesema kwamba nyumba yao ni ya pekee pale mtaani, kwa kuwa panya wa nyumba nyingine huja kuiba na kuondoka, wa kwao huja na familia.

Mimi nilimkuta ameshamaliza miaka tisa. Siku yangu ya kwanza nilijipulizia manukato ya dada yangu, yale ya sikukuu, nikavaa sketi iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Daktari alinikomesha kwenye mlango wa kwanza. Akavuta hewa mara moja, akatabasamu kwa macho.

"Binti, unanukia vizuri sana," akasema. "Sasa rudi nyumbani ukaoge."

Nilirudi nikilia, nikaoga kwa sabuni isiyo na harufu aliyonipa, nikaja tena. Ndipo akanieleza, bila kunicheka, kwamba panya huishi kwa pua. Akisikia harufu mpya huingiwa na hofu, na panya mwenye hofu hawezi kukwambia ukweli kuhusu ubongo wake. Siku hiyohiyo alinifundisha kutomshika panya kwa mkia, kama watu wengi walivyokuwa wakifanya wakati ule. Unaweka viganja viwili pamoja kama unayekinga maji, unavishusha taratibu, unasubiri. Mara ya kwanza hakuna anayekuja. Baada ya siku chache wanapanda wenyewe, wanakunusa kidole, wanakaa.

Redio nayo ilikuwa na sheria zake. Ilifunguliwa kwa sauti ya chini kutwa nzima ili panya wazoee sauti za watu na wasishtuke mlango unapogongwa. Wakati wa mashindano ya mpira wahudumu walihamia stesheni ya matangazo ya mechi. Bao likaingia, mtangazaji akapiga ukelele, na chumba kizima cha panya kikajificha ndani ya maranda. Tangu hapo ni nyimbo za polepole tu. Nyingine ni za mapenzi ya zamani, na kuna wahudumu wanaozijua kwa moyo ambao hawakuwa wamezaliwa zilipoimbwa.

Kwa ndugu zangu wa idara ya fedha na udereva, ambao kila mwaka huniuliza mle ndani tunafanya nini, naomba niseme kwa kifupi. Kila kiumbe amebeba maelekezo ya namna ya kujengwa kwake, nayo huitwa jeni. Jeni nyingi za panya zinafanana na zetu. Ubongo wake, ingawa haupiti punje ya haragwe, hujengwa kwa hatua zinazokaribiana na za ubongo wa mtoto: seli huzaliwa, husafiri mpaka mahali pake, huota matawi, hushikana mikono. Wataalamu hubadili jeni moja ya panya, ama kwa kuizima ama kwa kuipa kasoro ileile iliyoonekana kwa wagonjwa, halafu wanafuatilia. Nini kimechelewa? Nini kimepotea? Je, kinaweza kurudi? Mwisho kabisa ndipo mimi huingia na kisu changu na rangi zangu. Lakini kabla ya kufika kwangu panya ameishi, na maisha hayo yalikuwa chini ya daktari.

Aliyachukulia kwa uzito. Aliweka utaratibu kwamba kila mtafiti anayetaka panya aje amweleze uso kwa uso kwa nini hawezi kuifanya kazi hiyo bila panya, na kwa nini anataka wengi hivyo. Maprofesa walinuna. Mmoja alitoka ofisini kwake akilalamika kwamba ameulizwa maswali mengi kuliko aliyoulizwa na wakwe zake. Lakini idadi ya wanyama tuliowatumia ilishuka karibu nusu, na kazi haikuharibika. Sasa ndio utaratibu wa taasisi nzima.

Panya waliompa umaarufu walikuja mwaka wa kumi na mbili. Walizimiwa jeni moja ambayo kasoro yake huwapata zaidi watoto wa kike. Mtoto huzaliwa vizuri, hukaa, hutamka maneno mawili matatu. Halafu, akiwa na mwaka na miezi kadhaa, maneno huondoka. Mikono haishiki tena kitu, inabaki kusuguana kifuani tangu asubuhi hadi jioni. Panya wetu walifanya hivyohivyo. Walizaliwa wazima, na baada ya wiki kadhaa wakaanza kuyumba, kupumua kwa kukwamakwama, na kusugua miguu ya mbele kana kwamba wana nguo mkononi. Wahudumu wakawaita Wafuaji. Mtu mmoja mwenye kipaji akachora panya aliyeinama juu ya beseni, akaibandika picha mlangoni. Tulicheka. Lilikuwa jina la mapenzi, na wote tulilitumia, hata daktari.

Miaka miwili baadaye ugonjwa uliingia. Mpaka leo hatujui ulipita wapi, kwenye gunia la maranda au kwenye kiatu cha mmoja wetu. Vilikuwa virusi visivyomdhuru mtu, lakini vitoto vya panya vilianza kuharisha na kufa viotani. Vipimo vikaonyesha upande wote wa kaskazini wa jengo umeambukizwa. Upande wa kusini, ng'ambo ya korido, ulikuwa bado salama, nao ulikuwa na panya wa watafiti wengine wanne.

Mkurugenzi wa wakati ule alikuwa mama makini aliyetokea hospitalini. Aliamua kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angeamua: panya wote wa kaskazini walazwe usingizi wa mwisho, vyumba vipulizwe dawa, tuanze upya. Tatizo ni kwamba Wafuaji hawakuwepo mahali pengine. Mpango wa kugandisha mbegu zao kwenye baridi kali ulikuwepo, lakini zamu yao ilikuwa haijafika. Wakifa hawa, kazi ya miaka ingekufa nao, na hakuna aliyekuwa tayari kuigharamia mara ya pili.

Nilikuwepo ofisini kwake kwa sababu nilipeleka vioo vya vitoto vilivyokufa. Daktari alisimama ingawa kiti kilikuwepo.

"Nipe wiki tatu," akasema.

"Ugonjwa ukivuka korido je?" akauliza mkurugenzi. "Ng'ambo kuna kazi ya watu. Nitawaambia nini?"

"Utawaambia daktari aliomba, na daktari alikosea."

"Hilo halitawarudishia panya wao."

"Halitawarudishia, mama," akakubali. "Ndiyo maana siahidi kitu. Naomba tu."

Mkurugenzi aliinua kimoja cha vioo vyangu, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Mwishowe akasema, "Jaribio moja. Lifanyike nje ya jengo. Na wewe usitie mguu upande wa kusini mpaka nikuruhusu mwenyewe."

Alichotaka kufanya daktari kinaelezeka kirahisi, kutenda ndiyo shughuli. Kiinitete cha siku za mwanzo kimefunikwa na ganda laini ambalo virusi vya aina ile havilipenyi. Ukikitoa tumboni mwa mama aliyeambukizwa, ukakiosha tone kwa tone katika maji maalumu, ukakipandikiza kwa jike mzima, mtoto atazaliwa bila ugonjwa. Tulisafisha stoo ya viti vibovu karibu na geti, tukafunga nailoni madirishani, tukaingiza meza na hadubini. Mikono ya daktari, kwa mnaoijua, ni mikono ya kumvutia ndama. Siku ile ilishika mrija mwembamba kuliko unywele, na mimi nilikuwa pembeni namshikia taa. Majike wanne walipandikizwa. Baada ya hapo ilibaki kungoja.

Lakini upande wa kaskazini haukungoja. Asubuhi iliyofuata daktari aliwaambia wahudumu wote warudi makwao. Hakutaka mtu mwingine abebe kazi ile. Aliifanya mwenyewe, kizimba kwa kizimba, kwa gesi inayowalaza bila maumivu. Mchana nilirudi kuchukua mkoba niliousahau, nikamkuta kwenye sehemu ya kuoshea vyombo, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Barakoa ilikuwa imeshuka shingoni. Nilimuuliza kama amekula.

"Walikuwa wanapanda wenyewe kiganjani," akasema. "Nilishusha mikono tu, wakapanda. Kama kila siku."

Nilipindua ndoo nyingine, nikakaa naye.

Wiki ile hakuja kazini. Mke wake alipita getini kutuambia kwamba mume wake haumwi, ila amekaa jikoni anapanga vyombo vilivyokwisha kupangwa, na akimaliza anavipangua. "Msimpigie simu," akasema. "Mkimpigia atasema yuko sawa, halafu itabidi ajifanye yuko sawa." Ni mwanamke anayemjua mtu wake. Siku ya sita alirudi, akavaa kandambili, akaenda moja kwa moja stoo.

Majike watatu hawakuzaa kitu. Wa nne alijenga kiota kona ya kizimba, na asubuhi moja tukaona vitoto vyekundu vinagaagaa ndani yake. Tulingoja wakue kidogo ndipo tupime. Katika wote, mmoja tu, jike, alikuwa na jeni tuliyoitafuta. Mmoja alitosha. Mkurugenzi alikuja mwenyewe mpaka stoo, akamtazama kwa muda mrefu kupitia plastiki, akasema, "Kumbe ni huyu," akaenda zake. Kesho yake ilitoka barua ya kuanza kugandisha mbegu za panya wote wa taasisi bila kungoja zamu. Panya wote wa aina ile mnaowasikia leo, hapa na kwenye maabara rafiki tulizowagawia, ni wajukuu wa jike yule.

Ninalotaka kusimulia sasa nimeruhusiwa na mwenyewe. Mama wa mapokezi, yule anayewasalimu nyote kila asubuhi kabla hamjafungua macho vizuri, wakati ule alikuwa na mtoto wa kike mdogo. Tulikuwa tumemwona akiletwa hapa mgongoni, baadaye akitembea kwa kushika kuta za korido na kuita "baba" kila mwenye suruali. Kisha hatukumwona tena. Mama yake alianza kuomba ruhusa za hospitali. Hakusema kitu, nasi hatukuuliza.

Siku moja aliacha meza yake, akateremka mpaka ofisi ya daktari. Nilikuwa pale tunapanga ratiba ya wiki. Hakubisha hodi, na yeye ni mtu wa hodi.

"Daktari," akasema, "mwanangu anafua."

Akainua mikono yake kifuani, akaisugua. Hakukuwa na haja ya maelezo mengine. Hospitali ilikuwa imempa jina refu la ugonjwa, naye alilitambua, kwa sababu kwa miaka alikuwa akilisoma kwenye bahasha za watafiti wetu.

Daktari aliinuka, akafunga mlango, akampa kiti chake mwenyewe. Yule mama hakutaka kiti. Alitaka kuwaona. Basi tukamwogesha kwa sabuni yetu, tukamvika koti na kofia, tukaingia naye. Alisimama mbele ya kizimba. Panya mmoja alikuja kwa kuyumba mpaka kwenye plastiki, akakaa, akaanza kusugua mikono.

"Anaumia?" akauliza.

"Wakati mwingine anapumua kwa shida," daktari akamjibu. "Anatetemeka. Tunamwekea matandiko laini. Chakula tunakilainisha na kukiweka chini, asihangaike kukifikia."

"Na mimi hufanya hivyohivyo," akasema.

Alipoondoka, daktari alibandua ile picha ya beseni mlangoni. Akawaita wahudumu, akawaambia jina lile limekwisha kuanzia saa ile. Hakufoka. Hakuna aliyelitamka tena, na nimelirudia hapa kwa mara ya mwisho.

Kazi iliendelea. Kundi la watafiti wetu lilitengeneza panya ambao jeni yao haikuharibiwa bali ilifungwa tu, kama mlango uliotiwa komeo, na komeo hilo liliweza kufunguliwa kwa dawa. Wakawaacha wakue na waugue, mpaka wakawa hoi. Kisha wakafungua. Hakuna aliyetegemea makubwa, kwa kuwa wengi wetu tuliamini ubongo uliojengwa vibaya umeshaharibika moja kwa moja. Wiki zikapita. Pumzi zikatulia. Panya aliyekuwa analala ubavu akakaa. Halafu akatembea, akapanda juu ya kijumba chake, akatutazama kutoka kule juu kana kwamba sisi ndio tuliochelewa. Mtafiti mkuu alilia kwenye korido, mtu mzima na shahada zake. Daktari alimpa taulo la kufutia vizimba, hakukuwa na kingine karibu.

Gazeti likaandika kwa herufi kubwa: DAWA YAPATIKANA. Mama wa mapokezi akashuka tena, gazeti likiwa limekunjwa kwapani.

"Lini?" akauliza.

Mtafiti mkuu alikuwa amefungua kinywa aseme jambo la kutia moyo. Daktari alimtangulia.

"Sijui, mama. Na gazeti halijui. Kwa panya hawa tulijua komeo liko wapi, kwa sababu tulilitia wenyewe. Kwa mwanao hatukulitia sisi. Jeni yake imevunjika kweli. Kuna watu wanatafuta njia, nami nitakwambia kila ninalolisikia. Lakini nikikutajia mwaka nitakuwa nakudanganya."

Yule mama alilitazama gazeti, akalitazama tena, akaliacha mezani kwa daktari, akapanda ngazi. Miezi mingi hakumsemesha daktari. Kila asubuhi daktari alipita mapokezi na kusema, "Habari za asubuhi, mama," akajibiwa na feni. Baadhi yetu tulimlaumu. Tulimwambia angelainisha kidogo, kungeharibika nini? Alisema, "Atapanga maisha yake juu ya neno langu." Kisha akaendelea kusalimia.

Siku ambayo ukimya ulivunjika, daktari alikuwa kwenye chumba changu cha vioo ameinama juu ya hadubini. Mama wa mapokezi akaingia, safari hii kwa hodi.

"Nina swali moja tu," akasema. "Wale panya, kabla hamjafungua komeo, ndani ya kichwa walikuwa wamekwisha kufa?"

Daktari alimpisha kiti. Nilimwekea kioo cha panya mgonjwa, nikamzungushia gurudumu mpaka picha ikatulia. Alichungulia kwa jicho moja, kisha kwa jingine.

"Hizo nyeusi ni seli," daktari akamwambia. "Zimekonda. Matawi ni machache. Lakini ziko mahali pake, na ziko hai."

"Hazijafa?"

"Hazijafa."

"Kwa hiyo mwanangu ananisikia."

"Panya hawawezi kuniambia hilo," daktari akasema. "Lakini ningekuwa mimi, ningezungumza naye."

Yule mama alibaki amekaa pale, jicho kwenye hadubini, muda mrefu baada ya kuwa hana cha kutazama. Kisha akamwambia daktari kwamba amekonda, ale vizuri, na akarudi mapokezi.

Nyumbani alianza kuongea. Alimsimulia binti yake kila kitu: nani amechelewa kazini, nani ana viatu vipya, dereva gani amegombana na lango. Baada ya muda akagundua kwamba mtoto akitaka kitu hukitazama, na asipokitaka huangalia pembeni. Mtaalamu wa hospitali akamshauri atumie picha. Daktari alichukua mfuniko wa kizimba kilichopasuka, ule wa plastiki angavu, akausugua kingo zisikate, akabandika picha kwenye pembe zake. Unauinua kati ya uso wako na uso wa mtoto, na unaona macho yake yanakwenda wapi. Siku ya kwanza waliweka picha ya maji, ya kitanda, ya redio na ya kaka yake mkubwa. Waliamini atachagua maji. Alimtazama kaka yake, na kaka mtu, aliyekuwa amejikalisha mlangoni kama hahusiki, ilibidi atoke nje kidogo.

Tangu hapo Jumamosi nyingi daktari na mke wake hupita pale. Mfuniko umebadilishwa mara kadhaa, picha zimekuwa maneno, na mtoto amekuwa binti wa miaka kumi na saba mwenye maoni yake kuhusu nguo, nyimbo, na watu wanaoongea juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Dawa bado. Majaribio kwa watu yameanza hapa na pale, polepole, na daktari ametimiza ahadi yake ya kumwambia yule mama kila analolisikia, la kutia moyo na la kuvunja moyo.

Ijumaa iliyopita tulimuaga daktari kwenye ukumbi wa chakula. Hotuba zilikuwa nyingi. Mkurugenzi wa sasa alisema yote yaliyostahili kusemwa. Wahudumu sita aliowafundisha, ambao watatu kati yao sasa wanaongoza majengo kama letu, waliimba. Mke wake alisimulia habari za mjomba. Kisha mama wa mapokezi akamsogeza binti yake mbele kwa kiti chake cha magurudumu, akauinua mfuniko. Upande mmoja uliandikwa NDIYO, upande wa pili HAPANA.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "daktari anataka kuacha kazi. Tumruhusu?"

Binti huchukua muda wake kujibu, na wanaomfahamu wamejifunza kungoja. Ukumbi mzima ulingoja. Vijiko vilinyamaza. Mikono yake iliendelea kusuguana kifuani, lakini macho yalizunguka ukumbini, yakamfikia daktari, yakakaa kwake, kisha yakaja taratibu kwenye mfuniko na kutua juu ya HAPANA.

Watu walipiga makofi na kucheka mpaka meza zikatikisika. Daktari alicheka pia, halafu akavua miwani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na barakoa ya kujifichia.

"Basi tufanye hivi," mama akasema makelele yalipotulia. "Kazi aache, amechoka. Ila Jumamosi awe anakuja nyum—"

Hakumaliza. Macho ya binti yalikuwa yamekwisha kufika kwenye NDIYO.

Daktari, uamuzi umeusikia, na hauna rufaa. Kwa niaba ya wahudumu, watafiti, madereva, mapokezi na sisi wa vioo, tunakushukuru kwa miaka yote uliyotupa. Tunakuombea usingizi mnono wa asubuhi, afya njema wewe na mwenzako, na siku ndefu za kukaa na uwapendao. Uende salama, ndugu yetu. Uishi vizuri.